Debe la Bi Mwanahawa

Siku mliponiaga kazini mlinipa saa ya ukutani, nikashukuru. Kisha mmoja wenu, sitamtaja, akaniuliza huku anatafuna sambusa: "Mzee Athumani, hivi hayo mafuta huko chini yamekaa kama ziwa, au vipi?" Kijana huyo ana miaka mitatu kwenye stoo ya miamba. Jamani! Nilitamani niirudishe saa niondoke zangu.

Basi nimekaa hapa barazani na kalamu, nitawaeleza. Vyeo na barua za kupandishwa mtavikuta kwenye faili kama panya wamebakiza. Mimi nitawaeleza uwanja wa mafuta ni kitu gani, na jinsi nilivyowahi kuyagundua mafuta mwenyewe, katikati ya Kariakoo, mpaka nyumba ya mtu ikataka kuuzwa.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilitoka Lindi na sanduku la bati, nikafikia mtaa mmoja nyuma ya Msimbazi kwa Bi Mwanahawa, Mzaramo, mjane, mama wa maandazi. Nyumba yake ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyumba zote pale: korido katikati, vyumba sita, uani jiko na choo. Kuta za miti na udongo, paa la madebe yaliyokunjuliwa. Aliijenga mwenyewe baada ya mumewe kufariki. "Kila mti wa ukuta huu ni chano cha maandazi," alikuwa akisema, na ole wako mpangaji ukipigilia msumari bila kumuuliza.

Kazi niliipata kwenye kampuni ya wazungu waliokuwa wakitafuta mafuta pwani ya kusini, ng'ambo ya Rufiji. Mtambo wa kuchimba ulikuwa huko. Stoo ilikuwa hapa mjini, ghala la mabati kando ya barabara ya Msimbazi, na kazi yangu ilikuwa kuosha mawe. Nilipoandika nyumbani kwamba nimepata kazi ya kuosha mawe, baba alijibu kwa barua fupi akinitaka niangalie afya yangu.

Lakini ndiyo ilivyokuwa. Mtambo ukichimba, matope yanapanda juu yamebeba chenga za mwamba, ndogo kama chenga za mchele. Kila futi kumi wanachota, wanatia kwenye mfuko wa kitambaa, wanaandika kina. Kila wiki lori linaleta mifuko. Sisi tunaosha tope, tunachekecha, tunakausha, tunatia kwenye bahasha. Halafu kila bahasha inapita chini ya taa ya zambarau, ndani ya kijisanduku chenye pazia jeusi. Chenga kavu isiyo na kitu hubaki nyeusi. Yenye mafuta hung'aa. Baada ya hapo ndipo bwana wa miamba anatazama kwa darubini yake. Sisi tulimwita Bwana Nyundo, kwa sababu alitembea nayo kiunoni hata akienda kunywa chai.

Mkuu wangu pale stoo alikuwa Bwana Simoni, Mchagga wa Machame, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili. Hakuwahi kupaza sauti. Siku yangu ya kwanza nilifika nimejipaka mafuta ya nazi kichwani, nimechana nywele njia ya pembeni, natoa harufu nzuri. Akaniangalia.

"Umependeza, Athumani. Nenda bombani ukaoshe kichwa kwa sabuni."

"Kuna nini, bwana?"

"Taa ile haijui mafuta ya Mungu na mafuta ya dukani. Yote kwake ni mafuta. Humu ndani hakiingii kitu cha mafuta. Si kichwa, si mkono uliokula chapati, si kitambaa cha fundi baiskeli. Umesikia?"

Nikasikia. Nikarudi kichwa kinachuruzika maji, makarani wananicheka.

Jioni ile ndipo nikamuuliza swali lilelile la mla sambusa. Mimi pia niliamini ni ziwa. Hakunicheka. Alinitoa nje, mbali na stoo, akanipa kipande cha jiwe la matumbawe na kibatari. "Mimina mafuta ya taa juu ya jiwe." Nikamimina. Yakapotea. "Yako wapi?" Nikasema yameingia ndani. "Basi. Hilo ndilo ziwa lako. Mafuta yamo ndani ya jiwe, kwenye vitundu usivyoviona. Ukiteremka huko chini hutalowa mguu."

Akaniambia jiwe lenye vitundu peke yake halitoshi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanapanda siku zote, na yasipozuiwa yanafika juu yanapotea zamani za kale, kabla hajazaliwa babu yake Adamu. Lazima juu yake kuwe na mwamba usiopitisha kitu, kama udongo wa mfinyanzi. Na mwamba huo uwe umejikunja kama mfuniko wa sufuria ya wali, mvuke unapanda, unakusanyika chini ya mfuniko, hauna pa kwenda. Uwanja wa mafuta ndio huo: jiwe lililokunywa mafuta, limefunikwa vizuri, kwa upana wa kutosha kuchimba visima vingi. Dalili kwenye mfuko mmoja si uwanja. Ni dalili. "Na dalili," alisema Simoni, "muulize kwanza imetoka wapi."

Miezi minane nilifanya kazi chini yake bila kuvunja kitu. Alinifundisha pia kwamba kila mfuko tunaosha nusu tu, nusu nyingine inabaki na tope lake, imefungwa, kwenye rafu. Niliona ni uchoyo wa Kichagga. Nikamwambia hivyo kwa utani, akacheka, akaendelea kufunga mifuko.

Kisha akaenda likizo kwao Machame, wiki mbili, akaniachia funguo. Nilizivaa shingoni kama hirizi.

Siku ya tisa beseni la kuoshea likatoboka. Lilikuwa beseni la bati lenye rangi nyeupe, kutu ilikuwa imelila chini siku nyingi. Kuomba jingine ilitaka fomu, fomu ilitaka sahihi, na mwenye sahihi, Bwana Nyundo, alikuwa kusini kwenye mtambo. Na lori limeshafika, mifuko minane ya kina kipya, tope linakauka. Tope likikauka kwenye chenga utalibandua kwa meno.

Sasa, mtu wa Kariakoo akikosa beseni anafanya nini? Anachukua debe. Ninyi mmekua na ndoo za plastiki, hamwezi kuelewa. Sisi debe ndilo lilikuwa kila kitu: la maji, la mchele, la kuchemshia nguo, la kupimia mahindi, mpaka la kuezekea nyumba. Ungemwuliza mtu debe ni la nini, angekujibu la maji. Kwamba lilizaliwa na mafuta ya taa, nani alikumbuka? Nilikwenda uani kwa Bi Mwanahawa, nikachukua debe lililokuwa limeegeshwa karibu na jiko, nikalisugua kwa majivu na mchanga na sabuni mpaka likang'aa. Nilijiona mjanja kweli. Nikaosha mifuko yote minane humo.

Niliweka bahasha ya kwanza chini ya taa, nikavuta pazia. Ikang'aa! Mwanga mweupe wa kibuluu. Ya pili, hivyo hivyo. Zote nane. Nikaketi juu ya kreti.

Bwana Nyundo aliporudi kesho yake akatazama, akatazama tena, akavua kofia. "Athumani! Iko mafuta! Wewe, mdomo funga, eh? Funga kabisa!" Akakimbilia posta kupiga simu ya maandishi kwa wakubwa wake ng'ambo.

Mdomo niliufunga mpaka saa kumi alasiri. Nilifika nyumbani, Bi Mwanahawa anaumua unga, akaniuliza mbona natabasamu peke yangu kama niliyechumbiwa. Nikamwambia. Nikamwambia yote, na kina cha futi nikamtajia, kana kwamba anajua futi.

"Kweli, mwanangu? Kule kule kusini?"

"Kule kule, Bi mkubwa. Wenye mashamba kule watakuwa watu wakubwa."

"Binamu yangu ana shamba la minazi jirani na hao wazungu. Anauza. Tangu mwaka jana ananiambia ninunue."

Na mimi, pumbavu mimi, nikamjibu: "Ningekuwa wewe, ningenunua."

Siku tatu baadaye nikakuta mambo yamekwisha. Mwenye duka wa pembeni ya mtaa, aliyekuwa akikitamani kile kiwanja miaka na miaka, amekubali kununua nyumba. Makaratasi yatawekwa dole gumba Jumamosi asubuhi. Wapangaji tumepewa habari tutafute vyumba. Bi Mwanahawa alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Nikaona fahari, nawaambia ukweli. Niliona nimemtajirisha.

Alhamisi Simoni akarudi, na mkungu wa ndizi mbichi begani. Hakuutua. Alisimama mlangoni mwa stoo, akavuta pumzi kwa pua mara mbili.

"Beseni liko wapi?"

"Lilitoboka, bwana. Lakini hukusikia habari? Tumeyapata!"

"Umeosha kwenye nini, Athumani?"

Nikamwonyesha debe. Alitua ndizi taratibu. Alitoka nje, akachota mchanga pembeni ya barabara kwa kiganja, pale wanapopita watu na punda, akanipa. "Osha." Nikaosha ndani ya debe. "Kausha." Nikakausha. "Weka kwenye taa." Nikaweka, nikavuta pazia.

Ukang'aa.

"Hongera," alisema Simoni. "Tumegundua mafuta barabara ya Msimbazi."

Sikucheka. Aliniinamisha akanionyesha kwenye maungio ya debe, pale bati lilipokunjwa. Mafuta yanaingia humo na hayatoki kwa majivu wala kwa sala. Mimi pua yangu ilikuwa imezoea, maana mtaa mzima ulinuka hivyo hivyo. Yeye alitoka kwenye hewa ya mlimani, alinusa akiwa mlangoni.

Nilimwomba, na sijivunii hili. Nilimwambia lori lijalo lina mifuko mipya, tutaosha kwenye beseni safi, hakutaonekana kitu, na habari itakufa yenyewe bila mtu kufukuzwa kazi.

"Na hakuna aliyesikia habari hii nje ya stoo?"

Hapo ikabidi nimweleze habari za Bi Mwanahawa, na shamba, na Jumamosi. Na lile neno langu, ningekuwa wewe ningenunua.

Simoni aliliinua debe, akalitoa nje ya mlango. "Athumani, mficha uchi hazai. Kamwambie Bwana Nyundo sasa hivi. Yule mama hawezi kukuamini wewe kama kampuni yenyewe bado inasema iko mafuta."

Nilikwenda. Bwana Nyundo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga kelele kwa Kiingereza mpaka makarani wakatoka nje kutazama. Alipochoka akauliza kwa Kiswahili: "Ile mifuko, imekwisha yote?"

Simoni akajibu kutoka mlangoni: "Nusu iko kwenye rafu, bwana."

Ule uchoyo wa Kichagga. Tukaiosha ile nusu siku ile ile, kwenye karai jipya lililonunuliwa sokoni kwa mbio. Bahasha nane chini ya taa. Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi mpaka ya mwisho. Bwana Nyundo alivaa kofia yake. Akaniambia habari yangu ataiamua Jumatatu, akatoka kwenda posta tena, safari hii bila kukimbia.

Ijumaa baada ya sala nikamkalisha Bi Mwanahawa chini. Nikamwambia hakuna mafuta. Aliniangalia kwa huruma.

"Wamekukataza kusema, siyo?"

"Hawakunikataza, Bi mkubwa. Hakuna. Nilikosea."

"Wazungu wanataka wanunue mashamba wao kwanza. Nawajua."

"Wallahi hakuna mafuta!"

"Mwone anavyoapa! Mtu haapi hivyo kwa jambo lisilokuwepo. Lisemwalo lipo, mwanangu, kama halipo laja. Nenda zako, siri yako ninayo."

Kila nilivyozidi kukana ndivyo alivyozidi kuamini. Nilipoinuka alinipa maandazi mawili kwa kunishukuru. Niliingia chumbani nikalia, mtu mzima mimi, maandazi mkononi. Nilimwona tayari huko kusini, peke yake kwenye minazi isiyo na kitu, na mwenye duka anabomoa ukuta wake wa vyano vya maandazi.

Jumamosi saa tatu mwenye duka alifika, na shahidi wake, na karatasi, na kile kisanduku cha wino. Wakakaa barazani. Chai ikaletwa. Nilikuwa nimeshapita stoo alfajiri, na nikaingia kwa mlango wa mbele nimebeba debe.

"Ahaa!" akasema Bi Mwanahawa. "Kumbe wewe ndiye mwizi! Debe langu nalitafuta wiki nzima!"

"Nalirudisha, Bi mkubwa. Lakini kwanza nipe maji ya moto."

"Wewe una wazimu? Huoni nina wageni?"

"Maji ya moto kidogo tu. Halafu weka dole gumba popote unapotaka."

Akanimiminia ndani ya debe kutoka kwenye birika, ili niondoke. Nikaenda uani, naye nyuma yangu, nikachota konzi ya mchanga mbele ya macho yake, pale anapokaa kukaanga. Nikarudi nao barazani, nikautia ndani ya debe, nikakoroga, nikamsogezea puani. Bi Mwanahawa alikuwa mtu wa pua. Mafuta ya kukaangia yakianza kuharibika aliyajua kutoka chumbani kwake.

"Unanusa nini?"

"Mafuta ya taa."

"Huu mchanga umetoka wapi?"

"Si uani kwangu hapo!"

"Basi mawe ya wazungu niliyaosha humo. Ndani ya debe hili hili. Ndiyo mafuta niliyokuambia nimeyaona."

Alilichukua debe mikononi. Akalinusa tena, akaligeuza, akatazama ile kona iliyobonyea. Aliitambua. Shahidi alibaki na kikombe hewani.

"Hili ndilo nililokuwa nikitilia mafuta ya taa zangu," alisema polepole. "Kwa hiyo nilitaka kuuza nyumba yangu ninunue mafuta yangu mwenyewe."

"Ndiyo, Bi mkubwa."

Alilitua chini. Akamgeukia mwenye duka. "Bwana wangu, maliza chai. Na wino wako ufunike usikauke." Kisha akanizaba kibao, kimoja tu, lakini cha mkono unaokanda unga kila siku. Sikio lililia mpaka adhuhuri. Sijapata kupigwa kibao nikafurahi vile.

Jumatatu Bwana Nyundo hakunifukuza. Alisema mtu aliyekuja mwenyewe kusema kosa lake ni bora kuliko mpya atakayelificha. Kile kisima kilichimbwa miezi mingine mitano, kikawa kikavu, wakakiziba kwa saruji na mtambo ukapakiwa melini pale bandarini. Simoni na mimi tukahamia stoo ya serikali pamoja na mawe yetu, hiyo hiyo mliyopo ninyi. Huko yaliyobaki ni kazi ya kawaida, sitawachosha.

Ila kuna jambo moja. Kwenye lebo zetu mstari wa kwanza ni kisima, wa pili ni kina. Wa tatu ni chombo cha kuoshea. Mstari huo aliuongeza Simoni wiki ile ile, kwa mkono wake, na umenakiliwa kila lebo mpya inapochapwa. Nimeona mnauacha wazi. Wengine mnaweka alama ya vema, kana kwamba vema ni chombo.

Baraza ninaloandikia ni lile lile. Kuta sasa ni za matofali na paa ni la bati la dukani, lakini kiwanja hakijabadilika, na mimi bado ni mpangaji wa chumba cha pili kushoto. Bi Mwanahawa alipofariki aliwaachia wajukuu nyumba, na neno moja: Athumani asiguswe. Kila walipoletewa habari kubwa kubwa za mjini, kiwanja huku, biashara kule, nimewasikia kwa masikio yangu wakiulizana kama bibi yao alivyowazoesha: "Imeoshewa kwenye debe gani?"

Jazeni mstari wa tatu. Watu wanalala chini ya mstari ule kama chini ya paa, na mmoja wao ni mimi.